Uzi: Kwa nini teknolojia nyingi za ndege za kivita za majaribio haziingii jeshini

Mleta uzi

Ndugu wanajukwaa, kila inapowekwa humu picha ya ndege ya kivita ya majaribio yenye umbo lisilozoeleka, maoni huwa ni yale yale: kwamba ndege hiyo ilizishinda zote za wakati wake, kisha ikauawa na wanasiasa au na kampuni hasimu iliyoogopa kupoteza zabuni. Siasa zipo, na zabuni za silaha zina hila zake, sikatai. Hata hivyo, naamini maelezo hayo yanatunyima sehemu yenye manufaa zaidi ya historia hii, ndiyo maana nimeona nifungue uzi na kuieleza kwa kirefu.

Hoja yangu ni hii. Ndege ya majaribio hujengwa ili ijibu swali, na mara nyingi swali moja tu. Jeshi linaponunua ndege hununua kitu kingine kabisa, yaani uwezo wa kuirusha leo, kesho na miaka 30 ijayo, ikiwa mikononi mwa marubani wa kawaida na mafundi wa kawaida, ikiwa na silaha, spea na bajeti ya kila mwaka. Kutoka kwenye jibu hadi kwenye uwezo huo ni safari ndefu, na teknolojia nyingi huishia njiani hata baada ya kufaulu vizuri kabisa katika majaribio yake.

Nianze na X-29 ya Marekani, kwa sababu ndiyo inayoulizwa mara nyingi. Iliruka mara ya kwanza tarehe 14 Desemba 1984 katika kambi ya Edwards, jangwani California. Kampuni ya Grumman iliunda mbili tu, chini ya mradi wa DARPA, ambalo ni shirika la utafiti la wizara ya ulinzi ya Marekani, na NASA pamoja na Jeshi la Anga wakaendelea kuzirusha hadi mwanzoni mwa miaka ya 1990. Kilichoifanya iwe ya ajabu ni mabawa yake, ambayo yalielekea mbele badala ya nyuma. Ukiitazama kwa karibu utagundua kwamba sehemu nyingine zake ziliazimwa huku na huku: pua na sehemu ya mbele ya kiwiliwili zilitoka kwenye ndege ya kivita ya F-5A, magurudumu makuu na miguu yake vilitoka kwenye F-16, na injini yake ilikuwa F404, ya aina iliyotumika pia katika F/A-18. Wasomaji wa Nanyuki, ambao huziona F-5 za Jeshi la Anga la Kenya zikiruka kutoka kambi ya Laikipia, wanaweza kuitambua pua ile pichani, kwa kuwa ni ya ukoo mmoja. Waundaji waliazima sehemu hizo ili fedha na akili zote ziende kwenye swali moja: je, bawa la namna hii linaweza kuruka kwa kasi kubwa bila kuvunjika?

Swali hilo lilikuwa la zamani. Katika bawa lililoelekezwa nyuma, hewa huelekea kusogea kuifuata ncha, na ndege inapoinua pua sana, ncha ndizo hutangulia kupoteza mnyanyuo, na huko kwenye ncha ndiko viliko vibao vya kuilaza ndege kushoto na kulia. Ukiligeuza bawa lielekee mbele, hewa husogea kuelekea shina la bawa, kwa hiyo ncha hubaki na mnyanyuo wake na rubani hubaki na udhibiti hata pua ikiwa juu mno. Wajerumani walilijua hilo na walirusha Ju 287 yenye mabawa kama hayo mwaka 1944. Kilichowashinda wahandisi kwa miaka 40 ni tabia ya bawa hilo kujisokota: kasi inapoongezeka, ncha huinuka na kujipinda kuelekea juu, kujipinda huko huongeza mnyanyuo, mnyanyuo nao huzidisha kujipinda, hadi bawa linang'oka. Ukitaka kulizuia kwa kuongeza chuma, bawa linakuwa zito kiasi kwamba faida yote inapotea.

X-29 ilitatua jambo hilo kwa nyuzi za kaboni. Tabaka za nyuzi zililazwa katika pembe zilizokokotolewa, ili bawa linapokunjwa na hewa lijisokote kwa namna inayopinga kunyanyuka kwa ncha. Kwa maneno mengine, bawa lilijirekebisha lenyewe kwa jinsi lilivyofumwa. Juu ya hayo, ndege yenyewe haikuwa na utulivu wa asili hata kidogo, kwani bila kompyuta ingepinduka kabla rubani hajawahi kusogeza mkono. Kompyuta tatu za kidijitali, kila moja ikiwa na akiba ya analogi, zilitoa amri za kuisahihisha hadi mara 40 kwa sekunde. Tarehe 13 Desemba 1985 ilivuka kasi ya sauti katika mruko wa usawa, na ikawa ndege ya kwanza yenye mabawa ya mbele kufanya hivyo. Ndege ya pili ilifika hadi pembe ya digrii 67 dhidi ya mkondo wa hewa, na udhibiti wake ulibaki mzuri hadi kama digrii 45.

Kwa hiyo swali lilijibiwa, na jibu lilikuwa ndiyo. Mbona basi haikuingia jeshini?

Kwanza, matarajio mengine hayakutimia. NASA yenyewe ilieleza kwamba X-29 haikuonyesha upungufu wa jumla wa ukinzani wa hewa ambao tafiti za awali ziliutabiri. Pili, bawa la X-29 liliruka tupu. Bawa la ndege ya kivita hutundikwa makombora, mabomu na matangi ya mafuta, na kila mzigo hubadilisha jinsi linavyokunjika na kutikisika. Kwa bawa ambalo usalama wake wote umewekwa katika namna ya kukunjika, kila mpangilio wa mzigo ungedai hesabu mpya na majaribio mapya. Tatu, wakati X-29 inaruka kwa mara ya kwanza, F-117, ndege isiyoonekana kirahisi kwenye rada, ilikuwa tayari imeanza kazi kwa siri tangu 1983, na fikra za Jeshi la Anga kuhusu ndege ijayo zilikuwa zimehamia kwenye kujificha dhidi ya rada. Umbo la ndege likaanza kuamuliwa na mwangwi wa rada, na wepesi wa kugeuka ukashuka daraja.

Sababu ya nne ndiyo inayonivutia kuliko zote. X-29 ilithibitisha kwamba kompyuta inaweza kuitawala ndege isiyo na utulivu kupita kiasi. Lakini ukishaweza kufanya hivyo, unaweza kupata wepesi mkubwa kwa bawa la kawaida au la pembetatu, kama ilivyofanyika kwa ndege za kivita za Ulaya za Rafale, Gripen na Typhoon. Kompyuta iliyoliwezesha bawa la mbele kuruka ndiyo iliyoliondolea ulazima wake. Warusi nao walilijaribu kwa Su-47, iliyoruka tarehe 25 Septemba 1997, nayo ikabaki moja tu, ikitumika kama maabara ya angani.

Mchangiaji, fundi wa ndege

Ahsante kwa uzi huu, mkuu. Mimi hutengeneza ndege za abiria, si za kivita, lakini naomba kuongeza jambo moja kuhusu bawa la nyuzi za kaboni, kwa sababu naona watu wengi huliruka.

Bamba la alumini likigongwa hubonyea, na kila anayepita hulibaini. Tabaka za kaboni zikiangukiwa na spana, uso unaweza kuonekana mzima kabisa huku ndani tabaka zimeachana. Ukaguzi wa awali hufanywa kwa kugonga-gonga taratibu kwa sarafu au kinyundo chepesi huku umetega sikio: palipo pazima hutoa mlio mkali ulio sawasawa, palipoachana hutoa mlio mzito uliofifia. Ukishapatilia shaka, unazungushia alama na kuleta kipimo cha mawimbi ya sauti ili kujua uharibifu umeenea kiasi gani. Kisha unachonga tabaka moja baada ya nyingine kwa ngazi, na unapoweka kiraka unafuata mwelekeo wa nyuzi wa kila tabaka kama ulivyoandikwa katika kitabu cha matengenezo.

Sasa nikisoma kwamba katika X-29 pembe za nyuzi ndizo zinazozuia bawa lising'oke, nafikiria kile kiraka. Haitoshi kiwe imara, ni lazima kikunjike sawa na bawa linalokizunguka. Kwa ndege mbili zinazolindwa na wahandisi waliozichora, hilo linawezekana. Kwa kikosi kizima kilichoko uwanja wa mbali, usiku, kikiwa na vijana waliomaliza chuo mwaka jana, mimi ningeogopa kuweka sahihi yangu kwenye kitabu cha ndege.

Mleta uzi

Nashukuru sana, fundi. Hili ulilolisema ndilo ninaloliita safari ndefu: sahihi ya fundi kwenye kitabu cha ndege ni mtihani ambao ndege ya majaribio huwa haifanyi.

Mchangiaji wa pili

Mleta uzi, nakubaliana nawe kuhusu mabawa, lakini naona hoja yako inapwaya tukija kwenye nozeli zinazogeuka, yaani midomo ya nyuma ya injini inayoweza kuelekeza mkondo wa moto. X-31 ilijaribiwa miaka ya 1990, na leo F-22, Su-30MKI na Su-35 zote zinageuza mkondo wa injini. Hapo teknolojia ya majaribio imefika. Unalielezaje hilo?

Mleta uzi

Pingamizi lako ni la haki, ndugu yangu, na linastahili jibu kamili.

X-31 ilikuwa kazi ya pamoja ya Marekani na Ujerumani, ya kampuni za Rockwell na MBB. Iliruka mara ya kwanza Oktoba 1990. Nyuma ya injini yake palikuwa na makafi matatu ya kaboni yaliyoingia katika mkondo wa moto na kuusukuma upande wowote, ili ndege iweze kuelekezwa hata pale mabawa yalipokwisha kupoteza mnyanyuo. Mhandisi Mjerumani Wolfgang Herbst ndiye aliyelitetea wazo hilo kwa miaka mingi, na tarehe 29 Aprili 1993 X-31 ilikamilisha mgeuko unaoitwa kwa jina lake: ndege inainua pua kupita digrii 70, inazunguka karibu palepale hewani, na kurudi ilikotoka. Katika mapambano ya mazoezi dhidi ya F/A-18 ilishinda mara nyingi zaidi kuliko iliposhindwa. Jibu, tena, lilikuwa ndiyo.

Ni kweli kwamba nozeli zinazogeuka zimeingia jeshini. Lakini tazama zinatumika kwa kazi gani. Katika F-22 nozeli hugeuka juu na chini tu, na husaidia sana ndege inapokuwa juu mno, ambako hewa ni nyepesi, au inapokwenda kwa kasi inayozidi ya sauti. Ahadi kubwa ya X-31 ilikuwa kwamba mapambano ya karibu yangeamuliwa na ndege inayoweza kugeuza pua yake wakati nyingine haziwezi, na ahadi hiyo ilipitwa na kombora. Ujerumani ilipoungana mwaka 1990, jeshi la Ujerumani Magharibi lilirithi MiG-29 za Mashariki zikiwa na kombora la R-73 na kofia ya rubani yenye kulengea. Rubani aligeuza kichwa, akamtazama adui aliye pembeni, na kombora likamfuata, pua ya ndege ikiwa imeelekea kwingine. Nchi za Magharibi zikajibu kwa makombora yao ya AIM-9X na IRIS-T. Baada ya hapo hakukuwa tena na sababu kubwa ya kuigeuza ndege nzima ili kumlenga mtu unayeweza kumlenga kwa macho. Tena, anayefanya mgeuko wa Herbst hubaki na mwendo mdogo sana, na katika anga lenye maadui zaidi ya mmoja hali hiyo ni ya hatari kubwa.

Naomba niongeze tukio la X-31 ambalo kila anayependa ndege za majaribio anapaswa kulijua. Tarehe 19 Januari 1995 ndege ya kwanza ilikuwa ikirejea Edwards baada ya kazi ya kawaida. Kipimo chake cha mwendo wa hewa kilikuwa kimebadilishwa na kuwekwa cha aina nyingine ambacho hakikuwa na kipasha joto. Siku hiyo hewa ilikuwa na unyevu, barafu ikaziba kipimo. Rubani, Karl-Heinz Lang, aliwasha swichi ya kipasha joto kama inavyotakiwa, na katika chumba cha udhibiti ndipo ikatajwa kwamba swichi hiyo huenda haikuunganishwa na kitu chochote. Kompyuta iliamini kwamba ndege inakwenda polepole kuliko ilivyokuwa, ikavisogeza vibao vya kuiongoza kupita kiasi, na ndege ikaanza kuyumba hadi ikawa haitawaliki. Rubani aliruka kwa mwavuli na alipona. Teknolojia iliyokuwa ikijaribiwa haikuwa na kosa lolote. Kilichoiangusha ndege ni bomba dogo la pua na habari ambayo haikumfikia kila aliyepaswa kuijua. Jeshi linapopokea ndege mpya linapokea pia maelfu ya mambo madogo kama hilo, na ni lazima kila moja liwe limeandikwa, likafundishwa na likakaguliwa.

Mchangiaji wa tatu

Naomba kuuliza kuhusu ndege za kuruka wima. Nimesoma kwamba miaka ya 1950 na 1960 kila nchi kubwa ilijaribu, lakini karibu zote zilipotea isipokuwa Harrier ya Uingereza. Zilishindwa kwa sababu gani?

Mleta uzi

Nitataja mbili, kwa sababu kila moja ilishindwa kwa njia yake.

Rockwell XFV-12 ilitengenezwa kwa ajili ya Jeshi la Wanamaji la Marekani katika miaka ya 1970. Wazo lake lilikuwa zuri mno kwenye karatasi: moshi wa injini ungepelekwa kwenye mianya ndani ya mabawa, na unapotoka kwa nguvu ungevuta hewa ya nje pamoja nao, hivyo msukumo ukaongezeka bila kuongeza injini. Vipimo vya maabara vilitoa matumaini ya nyongeza ya asilimia 55. Ndege yenyewe ilipofungwa kwenye mnara wa NASA huko Langley mwaka 1978, nyongeza katika mabawa makuu ilikuwa asilimia 19, na katika mabawa madogo ya mbele asilimia 6. Haikuweza kujiinua. Sehemu ya sababu ni kwamba hewa ndani ya mabomba marefu yenye kona haifanyi kama inavyofanya katika modeli safi ya maabara. Kukuza kipimo ni jaribio jipya kabisa, na katika uhandisi wa anga hilo limewagharimu wengi.

Mirage III V ya Ufaransa ni habari tofauti, kwa sababu yenyewe ilifanya kazi. Ilikuwa na injini kuu moja ya kwenda mbele na injini ndogo nane zilizosimama wima ndani ya kiwiliwili kwa ajili ya kujiinua. Tarehe 12 Septemba 1966 ilifikia mara 2.04 ya kasi ya sauti, jambo ambalo Harrier haijawahi hata kulikaribia. Lakini hebu fikirieni: injini nane zinazotumika kwa muda mfupi wa kupaa na muda mfupi wa kutua, kisha ndege inazibeba safari nzima mahali ambapo pangekaa mafuta na silaha. Fundi wetu hapo juu atueleze kuhusu kuhudumia injini tisa katika ndege ya kiti kimoja. Ndege hiyo iliyovunja rekodi ilianguka Novemba mwaka huo huo, na ile iliyoitangulia kama sampuli, Balzac V, ilikuwa imeua marubani wawili katika ajali mbili tofauti. Harrier ilifaulu kwa kuwa injini yake moja ilifanya kazi zote mbili kwa nozeli nne zinazogeuka, na ilikubali kulipa kwa kupungukiwa kasi. Ilianza kuruka kama P.1127 mwaka 1960 na ikaingia kazini 1969.

Mchangiaji wa nne

Kwa maelezo haya yote naona bado jibu ni fedha. Marekani ikitaka, inaweza kulipia chochote.

Mleta uzi

Fedha ni sehemu kubwa, mkuu, ila tuangalie inavyofanya kazi, kwa sababu mara nyingi kinachoua teknolojia ni bei ya kuiingiza katika kundi la ndege ambalo tayari lipo.

Mfano ulio hai ni injini zinazobadilika. Injini ya kawaida ya ndege ya kivita ni maelewano: ikitengenezwa kwa ajili ya msukumo mkubwa hula mafuta mengi, ikitengenezwa kwa ajili ya kubana mafuta hupungukiwa nguvu. Injini inayobadilika huongeza mkondo wa tatu wa hewa unaofunguliwa na kufungwa, ili ifanye kazi kwa namna moja wakati wa kushambulia na kwa namna nyingine wakati wa safari ndefu, na hewa hiyo hiyo husaidia kupoza mitambo ya elektroniki. Tangu mwaka 1990 General Electric ilirusha YF120, injini ya kubadilika ya kizazi cha awali, ndani ya YF-22 na YF-23, ndege mbili za majaribio zilizoshindania zabuni moja, na ikashindwa mwaka 1991 na F119 ya Pratt & Whitney, iliyokuwa sahili zaidi na yenye mashaka machache.

Miaka 30 baadaye wazo lilirudi likiwa limekomaa. General Electric ilijaribu XA100 kwenye stendi na kutangaza kwamba inapunguza matumizi ya mafuta kwa asilimia 25 na kuongeza msukumo kwa asilimia 10. Kwa F-35, ndege ya kivita ya Marekani ambayo masafa yake hulalamikiwa sana, hiyo ingekuwa faida kubwa. Hata hivyo, mwaka 2023 Jeshi la Anga la Marekani lilichagua kuiboresha injini iliyopo ya F135 na kuiacha ile mpya. Waziri wa Jeshi la Anga wa wakati huo, Frank Kendall, alieleza kwamba gharama ilikuwa kubwa na kwamba injini hiyo haikufaa aina zote tatu za F-35. Ile ya kuruka wima, F-35B, ina shafti inayozungusha feni ya mbele na nozeli inayopinda kwenda chini, na injini mpya haikutengenezwa kwa ajili hiyo. Kuikubali kungemaanisha injini mbili, spea za aina mbili, mafunzo ya aina mbili, na nchi washirika zote kuulizwa ni nani atakayelipa. Injini yenyewe ilifanya ilichoombwa. Haikupata nafasi kwa sababu ndege ilikuwa imeshagawanywa kwa wenye haja mbalimbali kabla yake.

Nadhani huu ndio ukatili wa kweli wa jambo hili, na nauandika kwa kuwahurumia wahandisi wanaotoa nusu ya maisha yao ya kazi kwa mashine inayofaulu mitihani yote na bado haipokelewi. Elimu yao haikutupwa, kwa kuwa injini za kubadilika sasa zinatengenezwa upya kwa ajili ya ndege za kizazi kijacho, zikianzia kwenye mchoro wa ndege yenyewe badala ya kupachikwa baadaye.

Mchangiaji, fundi wa ndege

Je, kuna mfano wa teknolojia iliyovuka salama? Isije ikaonekana kwamba majaribio yote ni hasara.

Mleta uzi

Upo, na kwangu mimi ndio mzuri kuliko yote, ingawa hauonekani pichani. Mwaka 1982 ilianza kuruka F-16 moja ya majaribio iliyoitwa AFTI, yenye mapezi mawili chini ya mdomo wa injini. Watu waliyakodolea macho mapezi hayo, na mapezi hayo hayakufika popote. Kilichofika ni mfumo uliokuja kukuzwa ndani ya ndege ile katika miaka ya 1980 na 1990, wa kuizuia ndege isijigonge ardhini pale rubani anapozimia au kupoteza mwelekeo. Kompyuta hulinganisha mahali ndege ilipo na ramani ya ardhi iliyohifadhiwa, hukokotoa mahali itakapofika, na dakika ya mwisho kabisa huilaza sawa na kuiinua yenyewe.

Mfumo huo uliingia katika F-16 za vikosi mwaka 2014. Kwa nini zaidi ya miaka 20? Marubani hawakuuamini, na walikuwa na haki. Mfumo unaomnyang'anya rubani usukani wakati anaposhambulia kwa kuruka chini unaweza kumuua badala ya kumwokoa. Wahandisi waliweka masharti matatu kwa mpangilio ambao hawakuuvunja: kwanza mfumo usilete madhara, pili usimzuie rubani kufanya kazi yake, na kuzuia ajali likawa la tatu. Ilibidi pia kusubiri ramani za kidijitali zenye usahihi wa kutosha na kompyuta za ndege zenye nafasi ya kuzibeba. Mwaka 2016 ilitolewa video ya mwanafunzi aliyezimia kwenye mgeuko mkali juu ya Arizona: pua inaelekea chini, mwalimu wake anampigia kelele redioni ainue ndege, hajibu, kisha ndege inajigeuza na kujiinua. Alizinduka akiwa hai. Kuanzia 2019 F-35 nazo zilianza kuwekewa.

Mchangiaji wa pili

Na ndege zisizo na mkia? Desemba 2024 tuliona ya Kichina juu ya Chengdu. Hiyo nayo itaishia kwenye makumbusho?

Mleta uzi

Hapo tunashuhudia safari yenyewe ikiendelea. NASA na McDonnell Douglas walijaribu ndege ya kivita isiyo na mkia kwa X-36, modeli ya asilimia 28 ya ukubwa halisi iliyoongozwa na rubani aliyeketi ardhini. Iliruka mara 31 mwaka 1997, ikajibu swali lake vizuri, ikawekwa pembeni. Mkia wa wima huongeza mwangwi wa rada, kwa hiyo haja ya kuuondoa haikufa kama ilivyokufa haja ya bawa la mbele, nayo ikazidi kukua kadiri rada zilivyoboreka. Ndiyo sababu wazo limerudi, safari hii likiwa katika ndege kubwa yenye rubani ndani.

Kama itafika vikosini, dalili hatutaziona kwenye video za kuruka. Tutaziona pale zitakapoanza kuonekana ndege kadhaa zenye namba za kikosi kimoja, silaha zikipakiwa, na hanga zikijengwa katika kambi ambazo si za majaribio. Picha za aina hiyo zikipatikana, tafadhalini ziwekeni humu tuzijadili.